Meru kwanza, au Kilimanjaro moja kwa moja?

Sisi wa Dar baridi yetu ni ya kiyoyozi cha ofisini. Ukitaka kuanza kupanda milima ya baridi kali bila kwenda Ulaya, una njia mbili.

Mlima Meru, ulio jirani na Arusha, una mita 4,500 na ushee, safari ya siku tatu au nne. Unalala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anaongozana nanyi kwa sababu ya nyati. Usiku wa kilele ndio shule yenyewe: giza, upepo, ukingo mwembamba wa mawe, maji yanaganda kwenye mdomo wa chupa. (Ibebe kichwa chini, maana barafu huanzia juu.) Mimi huko ndiko nilikogundua kuwa jaketi langu la mtumba, zuri kwa macho, lilikuwa linapitisha upepo kwenye zipu kama dirisha bovu la daladala.

Kilimanjaro ni mita 5,895, na gharama yake iko juu vilevile. Barafu unaiona kwa macho, ila njia za kawaida hazidai vyuma vya meno vya kufunga kwenye buti. Kinachowarudisha watu ni hewa nyepesi: ukitoka usawa wa bahari, siku tano za njia ya Marangu ni chache, ongeza ya sita upumzike kwenye vibanda vya Horombo, katikati ya njia. Kichwa kikigonga na mtu akianza kuyumba, ashuke, hata kama kilele kinaonekana.

Mimi ningeanza Meru. Kupanda ukuta wa barafu kwa kamba ni somo jingine, na mwalimu wake awe mwongozaji mwenye uzoefu wa kazi hiyo.