Tahadhari: koili kuukuu zinazopakwa rangi na kuuzwa kama mpya Kirinyaga Road

Ndugu zangu wenye magari ya zamani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), nawaomba mjihadhari na muuzaji mmoja wa spea katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, anayeshirikiana na fundi wa kutembea kuuza koili (kifaa kinachoongeza nguvu ya umeme wa betri ili plagi zitoe cheche) zilizokwisha kutumika zikiwa ndani ya maboksi mapya.

Gari langu ni Peugeot 504. Asubuhi lilikuwa likiwaka mara moja, lakini nikilizima mchana kwa dakika ishirini hivi, stata ilizunguka kwa nguvu zake zote na injini isishike, mpaka nisubiri karibu saa nzima ipoe. Fundi huyo alikuja na, bila kufungua hata plagi moja, akasema koili imekufa, kisha akanipeleka mwenyewe dukani. Pale kaunta waliunganisha koili na betri mbele ya macho yangu, ikatoa cheche nzito ya buluu, nami nikaridhika na kulipa shilingi 6,500 kwa M-Pesa, kwa nambari ya mtu binafsi na bila risiti.

Siku ya tatu gari lilinizimikia karibu na mzunguko wa Globe, jua la saa nane. Nilipolegeza bangili ya chuma inayoshika koili, niliona chini yake rangi nyingine, ya zamani, yenye kutu pembeni. Stika ilikuwa imeteleza kwa joto, na rangi mpya ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi za skrubu, ambazo zilikuwa zimeliwa na spana za watu waliotangulia.

Jaribio lile la kaunta ndilo linalowanasa watu. Koili iliyochoka inaweza kutoa cheche nzuri ikiwa baridi, lakini ikipata moto ukinzani wa waya wake wa shaba huongezeka, na pale ambapo kihami cha ndani (kinachozuia umeme usivuje) kimeharibika umeme huvuja kabla haujafika kwenye plagi. Kwa hiyo kipimo cha maana hufanywa injini ikiwa moto na imekataa kuwaka, wala si baada ya kupoa.

Hata kabla ya kufikiria koili, toeni kifuniko cha chujio la hewa, mvute waya wa pedali ya mafuta mkitazama ndani ya kabureta kama petroli inaruka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo petroli hugeuka mvuke kwa joto dogo kuliko Mombasa. Ikichemka ndani ya kabureta baada ya kuzima, hufurika kwenye injini na kulowesha plagi. Hapo kanyageni pedali ya mafuta mpaka chini bila kuipampu, mkiwa mnazungusha stata. Ikiwa hakuna petroli inayoruka, huenda mvuke umeziba bomba au pampu, na kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu kitawaonyesha ukweli kwa dakika chache. Cheche ipimeni mbali na kabureta, kifuniko kikiwa kimerudishwa: ikiwa ni dhaifu au ya manjano, chunguzeni pointi (swichi inayokata na kuunganisha umeme wa koili) na kondensa yake pamoja na koili. Stata inayozunguka kwa uzito ni jambo jingine kabisa, na hapo anzeni na waya wa arthi, unaounganisha betri na bodi ya gari.

Nilirudi dukani na koili pamoja na multimita, kifaa cha kupima umeme, nikaomba tuipime ikiwa moto. Muuzaji alikataa kuigusa, akasema vifaa vya umeme havirudishwi. Nimehifadhi boksi, stika na ujumbe wa M-Pesa, na nimeandika malalamiko kwa mamlaka ya serikali inayoshughulikia bidhaa ghushi. Yeyote aliyenunua koili yenye boksi jipya kwa njia hii, alegeze bangili hiyo leo aitazame rangi iliyo chini yake, na asitupe boksi.