Cairn: gemu inayokuuliza mguu umeuweka wapi

Mimi ni fundi rangi wa majengo, kwa hiyo habari za kusimama juu ya ngazi siku nzima nazijua. Ndiyo maana gemu nyingi za kukwea hunichekesha: unabonyeza kitufe kimoja, jamaa kaparamia ukuta, kamaliza. Cairn, ya studio ya Ufaransa The Game Bakers, haina mzaha huo.

Unamwongoza Aava, mkweaji mzoefu anayeutaka Mlima Kami, kilele ambacho hakuna aliyewahi kukifikia. Mlima ni wa kubuni, lakini mwamba wake si wa mchezo. Unasogeza mkono, kisha mguu, kisha mkono wa pili, na kila kimoja unakitafutia mahali pake. Hakuna rangi ya kukuonyesha pa kushika. Hakuna hata ule mstari wa nguvu unaopungua kwenye kona ya skrini. Uchovu unausoma mwilini mwake. Pumzi zinakuwa fupi, mguu unaanza kutetemeka, na usipohamisha uzito upesi anaachia.

Hapo kwenye uzito ndipo waliponikamata. Anayening'inia kwa mikono hadumu. Miguu ikikaa sawasawa, hata kwenye ufa mwembamba, Aava anakung'uta mkono na wewe unapata muda wa kuangalia juu bila papara. Kwenye ngazi ni vivyo hivyo: fundi mgeni hukumbatia, mzoefu husimama.

Kuna misumari ya kupigilia mwambani na kufungia kamba. Lazima ubonyeze kwa wakati wake, la sivyo msumari unapinda, na misumari yenyewe ni ya kuhesabu. Kwa hiyo kila ukuta unakuja na swali: nipigilie sasa, au nivumilie hatua mbili zaidi? Mimi bahili, huvumilia. Majibu yake nayapata nikiwa hewani.

Kupika hemani na kupanga begi nakuvumilia tu, japo kumfunga vidole plasta kunapendeza kwa namna yake.

Gemu hukuchagulia kiungo cha kusogeza, ila unaweza kuchagua mwenyewe. Jifunze hilo mapema. Penye mwamba mgumu utalihitaji. Ukizidiwa, punguza ugumu kwenye mipangilio, hakuna atakayekucheka. Na anayejiona hodari, ipo hali ya kukwea bila kamba kabisa. Huko mimi bado sijathubutu.