Mlima wangu wa kwanza: mwongozaji wa kulipia, buti za kukodi na rafiki asiyechoka

Kwa wasio na muda wa kusoma yote: huduma niliyoitumia ilikuwa matembezi ya siku moja mlimani na mwongozaji, pamoja na kukodi buti na fimbo, na naipa nyota nne kati ya tano. Zote nne ni za mwongozaji. Ya tano ilifia kwenye buti.

Nimekulia mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mnara wa simu. Rafiki yangu alihamia milimani kikazi, na tangu ahamie hajaacha kunitumia picha za alfajiri, ukungu umejaa bondeni na vilele vimechomoza juu yake. Nilipopata likizo nikaenda. Mpango wake ulikuwa tupande wawili tu, kwa kuwa njia anaijua na keshaipita sana. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tulipie mtu, na bado nasema ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote safari ile. Rafiki anayeishi mlimani si mwongozaji. Mapafu yake yameshazoea, magoti yameshazoea, na ukimwuliza kilele kiko umbali gani atakujibu "hapo tu, shoga." Hapo tu yake ni ya mtu anayepanda ule mwinuko huku anaongea na simu.

Kujiandikisha kulikuwa kwepesi. Fomu iliuliza mambo ya maana: pumu, moyo, presha, magoti, ujauzito, dawa ninazotumia, na kama nimewahi kulala mahali palipoinuka. Jioni ya kabla ya safari mwongozaji alipiga simu mwenyewe kuthibitisha hali ya hewa, akasema tutaondoka kabla ya jua. Rafiki yangu akanung'unika. Sababu niliielewa mchana wa siku ya pili: hewa yenye joto hupanda kufuata ubavu wa mlima, ikifika juu inapoa, mvuke uliomo unageuka wingu, na kufikia alasiri kilele kilichokuwa wazi asubuhi kimemezwa. Anayeanza safari saa nne amelipia kutazama ukungu.

Mwendo ndio ulionishangaza zaidi. Mwongozaji alianza kutembea polepole kiasi kwamba nilidhani ananitania. Nyayo fupi, mguu unakanyaga wote, hakuna kuruka jiwe hadi jiwe. Kipimo chake kilikuwa maongezi: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Akawa ananiuliza maswali makusudi, kazi yangu, safari ilikuwaje, ili asikie pumzi. Rafiki yangu kila mara alikuwa mita hamsini mbele, amesimama na mikono kiunoni anatusubiri, mpaka mwongozaji akamwambia kwa upole, "Dada, hebu rudi nyuma yangu. Ukiwa mbele, mwenzio anakukimbilia." Alisema kweli. Nilikuwa nakimbizana naye bila kujua. Hapo ndipo nilipoona kazi ya yule mtu: unamlipa akuzuie.

Nilimwuliza tutafika saa ngapi, akanipigia hesabu papo hapo. Kanuni hiyo aliiweka mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ilikuwa ya kilomita 12 kwenda na kurudi, na mita 900 za kupanda, kwa hiyo karatasi inasema muda wa saa nne hivi. "Hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi na asiyepiga picha," akasema. Sisi akatuwekea muda wa saa saba. Napenda mtu anayekadiria hivyo, maana hakuna kinachomchosha mgeni kama kuambiwa "tumekaribia" tangu asubuhi.

Na mlima wenyewe unadanganya. Huku kwetu tambarare, macho hupima umbali kwa vumbi na joto. Kitu cha mbali kinafifia. Kule juu hewa ni safi na kavu, jiwe lililoko ng'ambo ya bonde linaonekana na nyufa zake, ukadhani ukinyoosha mkono utaligusa. Halafu kuna vilele vya uongo. Unaona ukingo umekutana na anga, unajikaza, unafika, kumbe ni bega tu la mlima na nyuma yake kuna mwinuko mwingine. Mwongozaji alitutahadharisha mapema kuwa vipo vitatu. Bila hivyo, nadhani cha pili kingenikalisha chini.

Mimea nayo inabadilika ukiwa njiani. Chini tulipita kwenye miti mirefu iliyofunga, giza kidogo, udongo unanuka majani yaliyooza. Baadaye miti ikapungua kimo na matawi yake yakavaa ndevu za kijani zinazoning'inia. Hizo huishi kwa maji ya ukungu. Juu zaidi vichaka, kisha nyasi ngumu na mawe. Jotoridi hushuka wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mimea huipima hesabu hiyo kuliko sisi. Mimi niliipimia vidoleni: nilipoanza nilikuwa nimevua sweta, na kwenye bega la pili nilikuwa nimevaa kila kilichokuwa begini. Baridi isikudanganye kuhusu jua. Mionzi yake mikali huongezeka takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mdomo na pua yangu vilibabuka ilhali nilikuwa natetemeka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakikuandikwa popote kwenye matangazo yao, na ambacho kwangu kilizidi kilele. Tulikuwa tumefika kwenye mgongo wa mlima, jua bado liko chini nyuma yetu, na upande wa pili bonde limejaa ukungu mzito ambao juu yake ni kama sakafu nyeupe. Mwongozaji akatusimamisha, akatuambia tulipe jua mgongo na tutazame chini. Juu ya ukungu kulikuwa na vivuli vyetu vitatu, virefu, miguu imenyooka kutujia. Na kuzunguka kichwa cha kivuli changu kulikuwa na duara la rangi, nyekundu kwa nje na samawati kwa ndani. Nikamwambia rafiki yangu, "Ona, nina taji!" Akasema hapana, taji liko kwake, mimi sina. Tukabishana kama watoto. Kumbe sote tulikuwa sahihi. Matone ya maji ya ukungu huurudisha mwanga karibu moja kwa moja kule ulikotoka, kwa hiyo kila mtu huliona duara pale tu kivuli cha macho yake kilipo. La mwenzako hulioni hata mkisimama bega kwa bega. Wazungu hukiita kizuka cha Brocken, kwa jina la mlima wa Ujerumani wenye mita 1,141 ambako ukungu ni wa kila mara. Rafiki yangu, pamoja na kuishi kule, alikuwa hajawahi kukiona, kwa sababu hupanda mchana baada ya kazi. Kidogo nilifurahi, sitasema uongo.

Kuhusu pumzi. Kilele chetu kilikuwa chini kidogo ya mita 3,000, si kimo cha kutisha, lakini kwa mtu wa tambarare kinahisika. Hewa ya kule ina oksijeni ileile ya asilimia 21. Kilichopungua ni mgandamizo. Kwenye mita 3,000 umebaki kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kujitokeza kuanzia mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu. Mwongozaji hakuniuliza hata mara moja kama miguu inauma. Aliuliza kichwa, tena na tena, na alisema wazi kabla hatujaanza kwamba mtu akizidiwa tunashuka wote, hakuna wa kuachwa akipumzika ili wengine wamalizie. Hilo naliweka juu ya orodha ya sababu za kuwapendekeza.

Ukitaka kuuona huo mgandamizo kwa macho, fanya nilichofanya: maliza maji ya chupa ya plastiki kileleni, kaza kizibo, irudishe begini. Tulipofika chini chupa ilikuwa imebonyea mbavu zote, hewa ya chini imeifinya. Mwaka 1648 mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alihitaji jaribio la namna hiyo kwa kutumia mrija wa zebaki kwenye mlima Puy de Dôme, Ufaransa. Zebaki ilishuka kadiri walivyopanda, ndivyo ilivyothibitika kwamba hewa ina uzito. Pascal mwenyewe hakupanda. Alimtuma shemeji yake, Florin Périer. Ningekuwa na shemeji ningefikiria hivyohivyo.

Buti. Soli zilikuwa nzima, zile za mpira zenye meno makubwa ambazo Mwitaliano Vitale Bramani alizitoa mwaka 1937, na kwenye jiwe lenye unyevu hazikuniangusha. Tatizo ni jinsi zilivyotolewa. Kijana wa kaunta aliuliza namba ya kiatu, akanipa, akamwita anayefuata. Hakuniambia nivae na soksi nene nitakazopandia, wala nisimame kwenye mteremko nione vidole vinagonga wapi. Buti ya mlimani inatakiwa ikuache nafasi mbele: sukuma mguu mpaka vidole viguse mwisho, nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja cha mkono. Ijaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutwa. Haya yote nimeyajua kwa mwongozaji, ambaye mapema tu aliona natembea vibaya, akapiga goti akanifungua kamba. Akazilegeza sehemu ya vidole, akazikaza kwenye kifundo kwa kuzipitisha mara mbili kabla ya kuzivuta, kisha akamalizia juu. Kisigino kikaacha kucheza. Na palipoanza kuchoma alibandika plasta pana palepale, lengelenge halijajaa. Alisema ukisubiri mpaka pavimbe umechelewa, na mimi sikubisha. Lakini kazi ile ilikuwa ya kaunta.

Soksi ziwe za sufu au nyuzi za kutengenezwa. Pamba hunywa jasho ikabaki nalo, na jasho baridi mgongoni pia ni balaa, kwa hiyo hata fulana ya ndani isiwe ya pamba.

Watu wote walioniuliza baadaye walitaka kujua kuhusu kupanda. Hakuna aliyeuliza kushuka, na kushuka ndiko kulikonitesa. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja kukusukuma. Ukishuka, unajivuta huku umebeba uzito wako wote ukifunga breki kila hatua, na hiyo ndiyo inayochana nyuzi zake. Maumivu hayaji siku ileile. Yalinikuta kesho yake na kesho kutwa yakawa mabaya zaidi, nikawa nateremka ngazi za nyumba ya rafiki yangu kinyumenyume. Fimbo zilisaidia mno. Mwongozaji alizirefusha kabla ya kushuka, ili zifike chini mbele ya mguu bila kuinama. Kama huduma unayotaka inatoza fimbo pembeni, lipa.

Ramani ya simu niliyopakua kabla ilitosha kujua tuko wapi, na nilifurahia kuisoma: mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikibanana, jiandae kuhema, ikiachana, pumua. Ila betri ilianguka haraka kwa baridi mpaka nikaihamishia simu mfuko wa ndani, karibu na mwili. Siwezi kusema programu inatosha badala ya mtu. Mwongozaji alimpa kila mmoja wetu filimbi na kutufundisha ishara ya hatari: milio sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, unarudia, anayesikia hujibu kwa milio mitatu.

Mengine machache. Kundi lao halizidi watu sita kwa mwongozaji mmoja, na siku yetu tulikuwa wawili tu, kwa hiyo sijui ule uangalifu ungebaki vilevile tukiwa wengi. Anayepanda kwa kasi na kutaka rekodi atachoka na mwendo wao, bora atafute wengine. Asiyeamka alfajiri asijisumbue kulipia. Nimewaandikia kuhusu kaunta ya buti, wakanijibu siku hiyohiyo kwamba sasa mgeni atapimishwa viatu jioni ya kabla ya safari, akiwa na soksi zake. Rafiki yangu anarudi kupanda nao mwezi ujao, safari hii kwa ajili ya kizuka tu, na amekubali kutembea nyuma.