Uzoefu wangu: asubuhi ya kuvua Ziwa Nyasa na nahodha wa Matema

Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini, tukisikia habari ya kukodi boti na nahodha ili kwenda kuvua kwa ndoano, tunawaza Mafia, Zanzibar au Dar es Salaam. Baharini nimeshaenda. Nguru akiuma, mshipi unalia, na ukishamvuta mmoja utatamani kurudi. Tatizo ni kufika. Ukitoka Mbeya unamaliza siku nzima kwenye basi, na boti nyingi za huko zinazowalenga wageni, hadi 2025 bei zake zilitajwa kwa dola. Wakati huohuo tunalo Ziwa Nyasa, mwendo wa kama saa tatu kwa gari dogo kutoka Uyole, na pale Matema kuna watu waliokulia juu ya maji. Oktoba mwaka jana tulikwenda watatu: mimi, shemeji yangu, na mjomba wangu kutoka Mafinga. Tukakodi boti na nahodha wake kwa asubuhi moja. Naandika ili anayefikiria kwenda ajue analipia nini.

Nahodha nampa nyota tano. Vifaa vyake navipa tatu. Ukitaka jumla ni nne, na nyota hizo ni kwa sababu ya mtu mwenyewe, si kwa sababu ya boti. Boti ni ya mbao, ya kawaida kabisa, ile unayoiona kila siku mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki.

Tulifika Ijumaa jioni na kuanza kuuliza mwaloni. Wa kwanza kutujia alikuwa na boti nzuri kuliko zote, imepakwa rangi mpya, na bei yake ilikuwa ya chini. Nilipomuuliza makoti ya kuokolea maisha akasema hapa watu hawazami, ziwa limetulia. Tukamshukuru tukaendelea kutembea. Sitamtaja, na sidhani ni yeye peke yake anayefikiri hivyo.

Wa pili ni mzee wa makamo ya baba yangu. Kabla ya kutaja bei alituuliza maswali yake: nani kati yenu anajua kuogelea, nani ana presha, nani anatapika akipanda chombo, na mnataka samaki wa kula au mnataka kucheza na samaki? Mjomba akasema yote mawili. Mzee akacheka, akasema basi tutaanza na kucheza, kula kutakuja kwenyewe. Tukakubaliana shilingi 150,000 kwa boti nzima, mafuta ndani yake, kuanzia alfajiri mpaka atakaposema yeye turudi. Samaki ni wetu, isipokuwa mmoja wa kijana wake anayeshika kasia. Majina yetu yaliandikwa kwenye daftari la mwaloni kabla ya kuondoka. Jambo hilo lilinipa amani kuliko kitu kingine chochote usiku ule, maana endapo tungechelewa kurudi kuna mtu nchi kavu angejua sisi ni nani na tumeelekea wapi.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa mchangani. Mbali ziwani taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, zilikuwa bado zinawaka. Kijana alikuwa ameshapakia kila kitu, lakini mzee hakuwa na haraka. Alisimama maji yakimfika magotini, akatazama juu kwenye Milima ya Livingstone, kisha kusini, kisha tena milimani. Nikamuuliza, "Baba, unaangalia nini?" Akanijibu, "Naangalia kama tuna ruhusa."

Baharini nahodha anapanga safari kwa kujaa na kupwa, kwa bamvua na maji mafu. Ziwa Nyasa halina hesabu hiyo, hapa bwana ni upepo. Ziwa limelala kaskazini hadi kusini, urefu wake unapita kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Upepo wa kusini ukianza kusukuma maji kutoka mbali hivyo, mawimbi yanapofika kwetu yameshakua. Kuanzia Mei mpaka Agosti ndio wakati wake mbaya, na wavuvi wenyewe hukaa nchi kavu siku nyingine. Juu ya hapo kuna upepo mwingine unaoshuka ghafla kutoka milimani, na huo ndio mzee aliokuwa akiutafuta kwenye mawingu. Alipotosheka akasema twende, na injini ya Yamaha ya nguvu za farasi 15 ikawashwa.

Tulifuata ukingo wa mashariki kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu. Upande huo mlima unaingia majini moja kwa moja, hakuna ufukwe wa maana. Unatazama juu unaona mwamba, unatazama chini unaona mwamba uleule unaendelea mpaka macho yanashindwa. Nilidhani nahodha angetupeleka katikati ya ziwa, kwa fikra za bahari, kwamba samaki wakubwa wako kilindini. Hakutoka mbali na ukingo, na sababu yake ni ya kweli kabisa. Kina cha Ziwa Nyasa kinafika karibu mita 700, lakini maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ukishuka zaidi ya mita 200 na kitu hakuna hewa ya oksijeni, na samaki hawaishi huko. Samaki wa ziwa wamebanwa kwenye tabaka la juu, na aina nyingi ziko karibu na ukingo. Mzee hakusema neno oksijeni. Alisema, "Chini kule maji yamekufa, baba yangu alinionyesha." Ni elimu ileile, kaipata kwa njia yake.

Tulikuwa tunamtafuta mbasa. Asiyemjua: ni samaki mrefu wa rangi ya fedha, mwenye mbio, anayewinda usipa kwa makundi. Mzee alikata mwendo, akaachia mishipi miwili nyuma ya boti, kila mmoja na chambo bandia cha chuma cha umbo la kijiko. Mimi nilishika fimbo moja, shemeji nyingine. Tukakokota hivyo muda mrefu bila kitu. Halafu kijana akaonyesha kwa kidevu: ndege aina ya minandi walikuwa wanapiga mbizi mahali pamoja, na furukombe mmoja juu yao. Mzee hakuwaendea. Alizunguka kwa mbali, akapitisha boti pembeni ili mishipi ipite kwenye ukingo wa kundi na injini isiwatawanye. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu sana, kwa sababu baharini nilishuhudia boti ikiingia katikati ya ndege kwa kasi na samaki wote wakazama.

Fimbo yangu ikapinda. Nikaanza kuvuta kwa nguvu zote, mzee akaniwekea mkono begani. "Usishindane naye, mwanangu. Akienda mwachie, akichoka kunja." Mbasa aliruka mara moja, nikauona ubavu wake mweupe dhidi ya ule mwamba mweusi, akarudi chini na kwenda chini ya boti. Kijana akanyanyua injini juu haraka mshipi usikatwe na pangaboi. Dakika chache baadaye alikuwa kwenye wavu wa mkono, mwenye kilo mbili hivi, magamba madogo, na mdomoni mwake bado mna mkia wa usipa. Alikuwa ameshakula na bado akafuata kijiko chetu. Shemeji akapata wa kwake muda si mrefu, mdogo zaidi, na mzee akaomba arudishwe. Shemeji hakupenda, lakini alimrudisha.

Jua lilipopanda tuliacha kukokota, tukatia nanga karibu na mawe, mita kumi hivi za kina, tukavua kwa mshipi wa mkono na minyoo. Hapa ndipo mjomba aling'aa. Alikuwa akivuta samaki wadogo wa mawe mmoja baada ya mwingine, wengine wa bluu wenye mistari, wengine wa kahawia. Ni jamaa za wale wanaosafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kuwekwa kwenye matangi ya vioo. Ziwa hili lina aina zaidi ya 500 za samaki, na nyingi hazipo popote pengine duniani. Mmoja aliyevutwa na mjomba alikuwa na koo lililovimba. Mzee alimshika kwa mkono uliolowa, na mara ile ile samaki akatema. Vifaranga vikamwagika kwenye mbao, vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja na macho mawili meusi. Mama hubeba mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa huendelea kujificha humohumo. Mzee alichukua kopo la kuchotea maji ya botini, akavikusanya kwa kidole kimoja kimoja, akamtia na mama yao ndani, kisha akalizamisha kopo pembeni ya boti pole pole mpaka wote wakatoka. Mjomba alikuwa kimya. Baada ya hapo kila aliyevuta alimtazama koo kwanza.

Ilipofika saa nne na nusu shemeji alitaka twende mdomo wa mto Lufilyo, alisikia mwaloni kwamba mbasa wamejaa huko. Mzee alikataa mara mbili, na mara zote alieleza. Ya kwanza, mvua zikikaribia mbasa hukusanyika pale wakisubiri kupanda mto kutaga, na nyavu za watu zinawamaliza kabla hawajataga. Yeye haongezi ndoano zake juu ya nyavu hizo. Mbasa wamo kwenye orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini, na anayeishi Kyela hahitaji orodha, aulize tu wazee mbasa walikuwa wakubwa kiasi gani zamani. Ya pili, milimani lilikuwa limeshatokea lile wingu alilokuwa akilitafuta asubuhi. Akang'oa nanga. Tulifika mchangani maji yakiwa bado shwari, na nakiri kwamba kwa nusu saa niliona kama tumepunjwa muda. Tulipokuwa tunakula, ziwa zima lilikuwa jeupe kwa mawimbi. Boti mbili zilizokuwa nje zilirudi zikiwa zimelowa mpaka abiria wa mwisho.

Sasa upungufu, maana nahodha mwenyewe aliniambia niuseme. Makoti ya kuokolea yapo na yanatosha watu, lakini yote ni saizi moja, ya mtu mzima mnene. Mtoto angechomoka. Hakuna kivuli hata kidogo, na jua la ziwani linachoma mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji, kwa hiyo beba kofia yenye ukingo na shati la mikono mirefu. Injini ya akiba hakuna, ni kasia mbili tu, na kwa bei ile sikutegemea zaidi, ila anayetaka kwenda mbali na ukingo alifikirie hilo. Fimbo moja rili yake ilikuwa inakwama. Ukiwa na fimbo yako, njoo nayo. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji na dawa ya vidonda, basi.

Njia ni rahisi kuliko zamani. Unashuka Tukuyu, unafika Kikusya, unakata kushoto kupitia Ipinda, na lami inakufikisha Matema. Usisahau kwamba unateremka kutoka baridi ya Mbeya hadi ziwani, mahali pasipofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mbu wapo na malaria ipo, na sisi wa juu miili yetu haijaizoea. Hakikisha chumba kina chandarua. Kichocho nacho kipo ziwani, kwa hiyo kuogelea kwenye maji yaliyotuama penye majani si wazo zuri. Beba fedha taslimu za kutosha. Kama unaweza kulala mpaka Jumamosi, gulio la vyungu vya Wakisi liko Lyulilo, jirani tu, na mke wangu amenisamehe safari nzima kwa sababu ya chungu kimoja.

Mbasa wetu alipikwa chukuchuku na mama mmoja mwenye kibanda karibu na mwalo, kwa ndimu, nyanya na pilipili, pamoja na wali wa Kyela ambao harufu yake unaijua kabla sahani haijafika mezani. Nahodha alikaa nasi, akala, akakataa kulipiwa soda.

Tumeshamwekea miadi ya Oktoba ijayo kwa simu, kwa malipo ya awali ya 30,000 aliyoyapokea kwa shingo upande. Safari hii binti yangu wa miaka tisa anakuja, na mjomba ameshanunua koti la saizi yake Mafinga. Tukimaliza safari, koti hilo tutamwachia mzee libaki botini.