Tromboni ipi ununue kama ndo unaanza: mpangilio wangu kuanzia ya kuikimbilia mpaka ya kuikimbia

Kila bendi ya usharika ikipokea vijana wapya swali linakuwa lile lile, jamani ninunue tromboni gani, na wengi wanauliza wakiwa wameshaipenda moja ya rangi ya bluu waliyoiona mtandaoni bei chee. Haya, mpangilio wangu huu hapa, ila kabla sijataja kampuni yoyote shika hili: kwenye tromboni unanunua slaidi, yaani lile bomba la kuvuta na kusukuma linalobadilisha noti. Mdomo mpana wa mbele ukibonyea kidogo utapiga tu, vanishi ikibanduka utapiga tu, lakini slaidi ikiwa inakwamakwama unashindana na chombo kutwa nzima na mwisho kijana anaanza kuamini kwamba yeye ndo hana kipaji, kumbe bomba limepinda.

Namba moja kwangu ni Yamaha YSL-354 ya mtumba. Mtumba, sio mpya, maana mpya inavuka dola 1,000 na mwanafunzi gani ana hela hiyo. Hii ndo imefundishia watu wengi kwelikweli huko mashuleni Marekani na Ulaya kwahiyo za mtumba zipo, spea zipo, na fundi yeyote wa vyombo vya kupuliza ameshaishika. Bomba lake lina kipenyo cha milimita 12.7 (wenyewe wanaandika inchi .500), sio pana, kwahiyo pumzi ya mtu anayeanza inatosha kulijaza na sauti inatoka bila kuvimbisha shingo. Halafu nyepesi. Na siku ukitaka kupanda ngazi unaiuza na hela yako nyingi inarudi. King 606 na Bach TB300 nazo ni za daraja hilohilo, kwahiyo usiwe mtumwa wa jina, kati ya hizo tatu beba ile yenye slaidi nzima.

Sasa utajuaje slaidi ni nzima? Hapa ndo watu wanapigwa. Ichomoe kwenye sehemu yenye mdomo mpana, ishike wima, fungua loki, halafu liachie bomba la nje lishuke lenyewe huku mkono mwingine uko chini tayari kulidaka. Lishuke laini mpaka chini, likisita mahali hapo pamebonyea au pamepinda. Kisha ziba tundu moja la juu kwa kidole na ujaribu tena: slaidi inayobana hewa vizuri inashuka polepole kama inavutwa na kitu, ikidondoka kirahisi tu ujue imelegea na pumzi yako itavuja. Chomoa kabisa uyaone yale mabomba mawili ya ndani, yana krome nyeupe, ukiona krome imeliwa na chuma cha chini yake kimetokeza hiyo imeshachoka. Mwisho kagua shaba yenyewe kama ina madoadoa ya rangi ya waridi yenye kiini cheusi, hasa kwenye ule mkunjo wa nyuma ya shingo, maana hiyo ni zinki inaliwa kutoka ndani na hakuna polishi inayotibu. Kama muuzaji yuko mbali mwambie akutumie video akifanya hayo yote, akianza kuzunguka mbuyu we tafuta mwingine.

Namba mbili ni Jupiter JTB700 mpya. Kampuni ya Taiwan, bomba ni lile lile la .500, na hii namshauri zaidi mzazi anayeogopa mtumba na hana mtu wa kumkagulia. Sina maneno mengi juu yake, inafanya kazi.

Namba tatu watu watanizomea: pBone, ile ya plastiki. Iliingia sokoni 2010 kutoka Uingereza, ina uzito wa kama gramu 800 tu, na mara nyingi utaikuta kati ya dola 150 na 200. Walimu wengine hawataki hata kuisikia, mi naona wanaionea. Slaidi yake ni nzito kidogo kuliko ya chuma na ukipiga kwa nguvu sauti inakuwa nyembamba, hilo kweli, lakini mtoto wa miaka tisa anaishika bila mkono kuchoka, ikidondoka unaiokota, na unaweza kupanda nayo bodaboda mvua inanyesha. Kwa gwaride na maandamano ya Pasaka inatosha kabisa. Kwa mtihani wa muziki hapana, tafuta ya shaba.

Namba nne ni zile zenye triga ya F, yaani vali moja ya kidole gumba inayoishusha tromboni kutoka B flati mpaka F. Zinavutia balaa. Conn 88H na Bach 42B ndo wanazopiga watu wa okestra, bomba lake inchi .547, lakini ni nzito, zinakula pumzi na bei yake utakaa chini. Ukiwa unaelekea chuo cha muziki ndo uzifikirie, na hata hapo Yamaha yenye .525 ni hatua ya katikati nzuri tu. Kuna wanaomnunulia mtoto triga kwa sababu mkono haufiki posisheni ya sita na ya saba, zile za mbali kabisa kwenye slaidi, na kweli ile F ya chini inapatikana posisheni ya kwanza, sema uzito unamwelemea bega la kushoto. Kwa mtoto wa hivyo bora Yamaha YSL-350C, wameifupisha slaidi wakaweka vali ili posisheni hizo mbili zisihitajike kabisa.

Za mwisho ni zile zisizo na jina, bluu, nyekundu, kijani, pamoja na nyingi za bei rahisi zinazotoka Meerut kule India. Meerut wanatengeneza vyombo vya bendi za harusi toka zamani na kwa matarumbeta ya juu ya gari mtaani sina ugomvi nazo, ila kwa kujifunza unabahatisha, moja inakuja nzuri na ya pili noti zimekaa kombo, na spea ya kampuni nyingine haiingii. Mafundi wengine hawazigusi kabisa.

Kabla hujatoa hela hata hivyo muulize mwalimu wa bendi, bendi nyingi za KKKT na za Jeshi la Wokovu zina tromboni imelala stoo, inataka kusafishwa tu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo.

Mausipisi, kile kipande cha kupulizia, anza na saizi ya 12C au 6½AL, na uliza shina lake linaloingia kwenye bomba ni jembamba au nene, maana hizi za .500 zinataka jembamba na nene halitaingia hata ulisukume vipi. Oili tumia ya slaidi yenyewe kama Slide-O-Mix, au kold krimu ya Pond's kidogo sana halafu unapuliza maji juu, wazee walitumia hiyo na slaidi zao zilikimbia. Vaselini hapana, mafuta ya kupikia hapana, na oili ya cherehani pia hapana. Na ukisafiri nayo kwa basi usikubali konda aitupe kwenye buti chini ya magunia, pakata mwenyewe.