Labne katika Mafuta: Vitonge Vizuri, Mafuta ya Kutiliwa Shaka

Chupa ya labne niliyoinunua katika duka dogo la vyakula vya Kilebanoni hapa Maskati ilikuwa na vitonge 14, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ndimu changa. Labne ni mtindi uliotiwa chumvi, ukafungwa katika kitambaa na kuning'inizwa hadi maji yake yachujike. Ile ya vitonge huachwa ikauke zaidi, ndipo iweze kuviringishwa kiganjani bila kunata.

Nilikipasua kimoja kwa ncha ya kisu. Ndani kilikuwa cheupe na kizito, chenye uchachu wa kupendeza, na nje kilishika nanaa kavu na chembe za pilipili nyekundu. Hawakutia kitunguu saumu kibichi, na wamefanya vyema, kwa kuwa kikikaa ndani ya mafuta bila baridi chaweza kuleta sumu hatari ya botulizimu.

Kilichonisikitisha ni mafuta yenyewe. Lebo ilitaja zeituni, lakini baada ya kulala usiku mzima frijini yalibaki angavu kabisa, ilhali mafuta ya zeituni kwa kawaida huganda; huo si ushahidi kamili, ila hata ulimini hayakuwa na ule ukali unaowasha koo kidogo. Nilipoyamwaga na kutia yangu, kisha nikaviacha vitonge nje nusu saa kabla ya kuwaandalia wageni pamoja na mkate wa moto, sahani ilirudi tupu kabla wali haujapakuliwa.