Uzoefu wangu: toki konveta ya stoli 2,800 kwenye Mark II ya 1JZ, na niliyoweka baada ya hapo

Wadau, nimeshatumia toki konveta mbili (kile kinachounganisha injini na gia boksi ya otomatiki) ndani ya mwaka mmoja na nusu, gari ni Mark II JZX110 otomatiki, injini 1JZ-GTE. Hii injini ikiwa ya kiwandani toki yake yote (nguvu ya kuzungusha), Nm 378, inaipata kwenye mizunguko 2,400 tu kwa dakika, kwahiyo konveta ya kiwandani inatosha kabisa, ya kwangu nilipima stoli (mizunguko ya juu kabisa injini inayofika ukiwa kwenye D umeizuia gari kwa breki na gesi mpaka chini) ikasimama kama 2,300. Shida imeanza nilipofunga tabo kubwa. Hii inajaa 3,800 huko, chini ya hapo gari imelala, taa zinaruhusu unakanyaga gesi unasubiri.

Nikanunua konveta imeandikwa 2,800 kwa maka peni juu ya boksi. Kufunga, nikaweka D, breki mpaka mwisho, gesi mpaka chini sekunde tatu (msizidishe hapo, oili inachemka haraka mno), mshale ukaenda 3,500! Nikajua nimepigwa. Kumbe hapana. Konveta ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini, nyingine inasukumwa na ile oili ndo inaingiza nguvu gia boksi, sasa injini ikiwa na toki kubwa inaizungusha ile ya kwanza kwa kasi zaidi kabla haijazuiliwa. Yaani konveta ileile kwa injini dhaifu ni 2,800, kwangu ni 3,500. Namba peke yake haina maana, muulize muuzaji ilipimwa kwenye injini gani.

Kwenye taa ilikuwa tamu sana sikatai, gari inaruka. Ila foleni ya Kimara mpaka Ubungo injini inavuma tu gari haiendi, mafuta inakunywa. Safari ya Iringa, Chalinze kote tambarare lokapu (klachi ya ndani ya konveta inayozuia kuteleza) ikishika oili ya gia boksi inakaa nyuzi 88, kufika mlima Kitonga nyuma ya malori, gia ya chini, lokapu imeachia, geji ikapanda 121. Nilipaki pembeni moyo unadunda. Baada ya kilomita kama 4,000 nikachomoa dipstiki nikafuta kwenye tishu nyeupe, oili ya kahawia, inanuka kuungua, na nilikuwa nimeweka mpya.

Ya pili shemeji yangu aliyeko Sharjah ndo alinihangaikia. Safari hii sikutaja namba kwanza, niliwaandikia watengenezaji injini, tabo inajaa wapi, uzito wa gari, ratio ya difu, saizi ya tairi na kwamba naitumia kila siku. Wakanitengenezea, kwangu inasimama 2,900. Nikaongeza na kula (kipozeo) ya oili ya gia boksi mbele ya rejeta, hiyo msiikwepe kama mnapandisha stoli, joto jingi linatokana na kule kuteleza kwa konveta.

Fundi akiwa anafunga simameni hapo hapo, konveta lazima iingie mpaka ndani ishike pampu, unaizungusha unaisukuma unasikia inazama hatua kwa hatua, ikibaki nje kidogo halafu mkakaza bolti za gia boksi, pampu imekufa.

Sasa hivi foleni hiyohiyo oili inakaa 92. Kwenye taa bado kuna kusubiri kidogo kabla tabo haijajaa, nimekubali. Kitonga nimepita mara mbili, ya juu kabisa niliyoona ni 101.